Mke wangu alipasuliwa uzazi wa kwanza, hatukuambiwa sababu. Wa pili tunauendeaje?

Fundi Geji

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa kuelewa, lawama nimeshazisikia za kutosha nyumbani.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza mwaka 2022 kwa operesheni, hospitali sitaitaja. Alikesha leba usiku kucha. Alfajiri nesi akatoka mbio: "Baba saini hapa, mama anaingia thieta." Nikasaini nimesimama, karatasi nimeibana ukutani, sikusoma hata mstari mmoja. Mtoto akatoka mzima, mama mzima, tukamshukuru Mungu tukaenda zetu. Fomu ya ruhusa imeandikwa "amejifungua kwa upasuaji, hali nzuri". Basi.

Sasa ana mimba ya miezi saba. Kliniki kaambiwa "wewe ulishapasuliwa, jiandae kupasuliwa tena". Mama yangu anasema mkamwana wake hakusukuma, mabinti wa siku hizi wavivu. Jirani anasema nyonga zake ni ndogo. Kila mtu ana lake, na mke wangu ameanza kuamini kwamba ana kasoro mwilini.

Wenye ujuzi nielewesheni: mtu anapasuliwa kwa sababu zipi hasa? Na ni lazima mara ya pili iwe hivyo hivyo?

Kichwa Ngumu

Mkuu unasumbuka bure, hiyo ni biashara. Kawaida haina hela, kisu kina hela. Bibi yangu kazaa watoto tisa nyumbani, hajawahi kuona hata bomba la sindano.

Mama Mapacha

Na bibi yako wewe alizika wangapi? Muulize.

Dogo wa Mbagala

Naweka kambi hapa. Wangu wa kwanza yuko njiani.

Mkunga wa Zamu

Fundi, nipo wodi ya wazazi miaka mingi, nitakujibu kwa urefu. Wenye haraka wapite.

Swali lako la pili ndilo linalotawala la kwanza. Sababu za kumpasua mama ziko nyingi, ila kwa mtu wa hali yako mimi nazigawa makundi mawili tu: zipo zinazoondoka na mimba ile, na zipo zinazobaki na mama. Ukijua ya mkeo ilikuwa ya kundi gani, nusu ya safari umemaliza. Usipojua, kila daktari atakayemwona atacheza salama na kumpeleka thieta, na huwezi kumlaumu, maana hana la kushika.

Zinazoondoka. Mtoto kutanguliza makalio au kulala kwa kukingama, kichwa ubavu huu, makalio ubavu ule. Aliyekingama hazaliki kwa njia ya kawaida hata usukume mpaka kesho, kinachopita mlangoni ni bega au mkono. Kondo la nyuma kukaa chini likaziba mlango wa kizazi: huyo mama damu hutoka bila maumivu, mara nyingi akiwa usingizini, na njia ikifunguka kondo linachanika kabla mtoto hajapita. Kondo kubanduka mapema, hapo ni damu na tumbo gumu kama ubao, muda unahesabiwa kwa dakika. Kitovu kutangulia chupa ikipasuka: kichwa cha mtoto kinakandamiza kitovu chake mwenyewe, hewa inakatika. Niliwahi kupanda kitandani na mama, mkono ndani, nimezuia kichwa kisishuke, tukasukumwa hivyo hivyo hadi thieta. Kifafa cha mimba nacho, pale presha inapogoma kushuka na njia bado imefunga. Na mtoto kuchoka, yaani mapigo ya moyo kuharibika.

Hilo la mwisho watu hawalielewi, ngoja nilieleze. Unaona lile tarumbeta dogo ambalo nesi anaweka tumboni kisha anainamisha sikio? Anahesabu mapigo ya mtoto. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Uchungu ukibana, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua kidogo, uchungu ukiachia hurudi. Mtoto mwenye nguvu anavumilia. Akishachoka, mapigo yanashuka na hayapandi hata uchungu ukiisha. Nesi akisikia 90, akamgeuza mama ubavu wa kushoto, akasubiri, akasikia tena 90, anamwita daktari. Kwa nje wewe unaona mama anaongea vizuri tu, unajiuliza kisu cha nini. Kisu ni cha yule asiyeongea.

Zinazobaki. Nyonga ambayo kweli ni finyu, mfano mama aliyewahi kuvunjika nyonga au aliyepata matege utotoni. Kovu la mkato wa wima sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi. Uvimbe mkubwa uliotolewa kwa kuchanja mfuko wenyewe. Fistula iliyoshonwa, lile tundu linalovujisha mkojo. Makovu ya operesheni kadhaa.

Kwa hiyo nenda hospitali ile ukaombe faili. Unatafuta mambo matatu: kwa nini alipasuliwa, njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi wakati huo, na mfuko wa uzazi ulikatwaje. Kovu unaloliona kwenye ngozi halikwambii chochote, mtu anaweza kuwa na mkato wa kulala nje na wa wima ndani.

Fundi Geji

Sista nashukuru sana. Hiyo ya mikato miwili tofauti sikuwahi kuisikia. Wiki hii naenda. Ila hili la nyonga linamuumiza sana mke wangu. Ni mfupi kweli, sasa kila mtu anamwambia ndiyo sababu.

Mkunga wa Zamu

Ufupi peke yake si hukumu. Nimezalisha wafupi watoto wa kilo nne na nimesindikiza warefu thieta.

"Nyonga ndogo" ni jina linaloandikwa kwa wepesi mno. Nyonga na kichwa cha mtoto hupimana ndani ya uchungu, kwa sababu kichwa hujikunja na mifupa yake hupandana kidogo, na nyonga nayo hulegea. Mara nyingi tatizo ni kichwa kimekaa vibaya: mtoto anatazama juu badala ya kutazama mgongo wa mama, hivyo anakuja na upande mpana. Mimba ijayo mtoto akitazama vizuri anapita palepale.

Halafu kuna suala la kuharakishana. Zamani tulifundishwa njia ifunguke sentimita moja kila saa, ikichelewa, mchoro wa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, unavuka mstari, kengele inalia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema hicho kipimo ni cha kasi mno kwa wanawake wengi, na uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita tano. Chini ya hapo, mama anaweza kukaa saa nyingi na asiwe na tatizo lolote. Lakini ukipita wodini utakuta bado mtu kaambiwa "njia imegoma" akiwa na tatu. Haijagoma, haijaanza.

Kichwa Ngumu

Si mnaona? Mkunga mwenyewe anakiri mnapasua watu hovyo. Hivi vitu ni vya wazungu, Mwafrika kaumbwa kuzaa.

Dokta wa Wilaya

Kichwa Ngumu, hilo la wazungu nalijibu kwa furaha, maana nalipenda.

Mwaka 1879, Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari mganga Robert Felkin alishuhudia mama akipasuliwa na mtaalamu wa palepale, kwa ujuzi wa palepale. Alimnywesha mama pombe ya ndizi mpaka akawa nusu hajitambui, akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kuliosha tumbo nayo. Akachanja, msaidizi akizuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, mfuko ukakandwa ujikaze, tumbo likafungwa kwa pini nyembamba za chuma na uzi wa magome ya mti, juu akapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliandika habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Wakati huo Ulaya kwenyewe mama aliyepasuliwa alikuwa na nafasi kubwa ya kufa. Utulivu wa yule bwana na mpangilio wa kazi yake unaonyesha haikuwa mara yake ya kwanza. Kwa hiyo Mwafrika kaumbwa kuzaa, na pale kuzaa kulipokwama alijua la kufanya.

Sasa la biashara. Hapo hujakosea kila kitu. Zipo hospitali binafsi ambazo mama akifika tu na bima, kisu kinanolewa. Dunia nzima mtoto mmoja kati ya watano sasa anazaliwa kwa operesheni, asilimia 21 kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2021. Brazil na Misri wanaopasuliwa ni wengi kuliko wanaojifungua kawaida, na hakuna mtu atakayenishawishi kwamba nyonga za Brazil ziliharibika ghafla. Huku kwetu kusini mwa Sahara ni asilimia 5 hivi, na utafiti wetu wa afya wa 2015-16 ulionyesha Tanzania asilimia 6. Shirika hilo hilo linasema nchi ikifikisha 10 vifo vya mama na mtoto vinapungua, ikizidi hapo hakuna nafuu inayoonekana. Maana yake hapa nyumbani tuna shida mbili kwa pamoja: mjini mwenye bima anapasuliwa bila sababu, na kule ndani mwenye sababu anakufa njiani.

Nimefanya kazi wilayani muda mrefu kama daktari msaidizi. Watu hawajui kwamba kwa miongo mingi operesheni nyingi za uzazi vijijini nchi hii zimefanywa na kada yetu, si na mabingwa. Mama niliowaona wakifa kwa kukosa kisu ni wengi kuliko niliowaona wakifa kwa kisu. Na asiyekufa anaweza kuamka na fistula. Kichwa cha mtoto kikikaa nyongani siku mbili, nyama iliyo kati ya kichwa na mfupa inakosa damu, inakufa, baada ya siku kadhaa inadondoka, na mkojo unaanza kuvuja bila kikomo. Mume anahama chumba. Ukitaka kuwaona nenda hospitali ya CCBRT Dar au Bugando Mwanza, waulize walikaa na uchungu muda gani kabla ya kufika hospitali.

Kichwa Ngumu

Hiyo ya Bunyoro sikuwa naijua. Haya, nasoma.

Mwana Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nataka niongezee la kusaini.

Dada yangu alifika hospitali na mimba ya tisa, damu zatoka, daktari asema kondo liko chini, lazima apasuliwe sasa hivi. Mumewe yuko baharini. Mama mkwe asema hakuna kusaini mpaka mwanawe apatikane, kisha mzee wa ukoo apigiwe simu kwanza. Dada yuwafuja damu na watu watafuta mtandao wa simu! Mwisho akasaini yeye mwenyewe, na mkono watetemeka. Mtoto yuko shule sasa.

Mwanamke mzima mwenye akili zake asaini mwenyewe. Nyinyi waume mkiwepo ni vyema, lakini tumbo ni lake.

Na kuhusu pesa, huku Kenya tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi wa Oktoba 2024, malipo yaliyowekwa kwa hospitali ni shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa hiyo Kichwa Ngumu hajasema uongo mtupu, hiyo tofauti ni mara tatu. Lakini pia thieta ina mtu wa ganzi, nyuzi, dawa, damu. Hiyo pesa haiendi mfukoni yote.

Dokta wa Wilaya

Kweli kabisa. Na kwa Tanzania: mama akikwama mbali na kituo, piga 115, ni bure, huo ni mfumo wa m-mama, wanamtafutia gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mhifadhi namba hiyo leo, msiitafute siku ya siku.

Mama Mapacha

Wote mnaongea sababu, hakuna anayesema ndani kukoje. Mwambie mkeo, Fundi, kuna akina mama wanaogopa kwa sababu hawajui.

Mimi nilipasuliwa kwa mpango, pacha wa kwanza alikuwa ametanguliza makalio. Hulazwi usingizi, siku hizi wengi wanachomwa sindano ya ganzi ya mgongo. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unakumbatia mto, unapinda mgongo kama paka aliyekasirika, na nesi anakushika mabega usitikisike. Unasikia ubaridi wa spiriti, halafu mchomo mmoja, halafu miguu inaanza kupata joto na kuwa mizito, mwisho unaiambia inuka haikusikii. Wanaweka mpira wa mkojo. Wanatundika shuka mbele ya macho yako. Daktari anakufinya kwa koleo anauliza "unasikia?", mimi nikasema sisikii, kumbe alikuwa ameshaanza.

Maumivu hakuna ila mvutano unausikia, tumbo linavutwa huku na huku, na mtu anakubonyeza chini ya mbavu kwa nguvu. Dakika chache tu nikasikia kilio. Muda mrefu ni wa kushona. Mimi nilitetemeka meno yakigongana, nikadhani nakufa, yule wa ganzi akaniambia ni kawaida. Kichefuchefu pia nilipata.

Kinachouma ni baada ya hapo. Ganzi ikiisha unajua umekatwa. Kucheka kunauma, kukohoa kunauma, shika mto ubane tumboni kabla hujakohoa. Na watakuja kukuambia "inuka utembee" siku hiyo hiyo au kesho yake, utawachukia. Inuka. Jirani yangu wa kitanda aligoma, mguu ukavimba.

Wifi zangu walikuja kuniona wakasema "wewe hujazaa, umetolewa watoto". Nilikuwa na mshono tumboni na watoto wawili titini. Sitasahau.

Shangazi wa Tanga

Pole mwanangu. Wifi ndivyo walivyo.

Mimi nauliza wataalamu. Kwetu mzazi anakandwa maji ya moto tumboni na kufungwa kanga mpaka arobaini ifike. Aliyepasuliwa tumkandeje? Maana mabinti wanakataa, wanasema wameambiwa hospitali. Tumbo halitabaki kubwa?

Mkunga wa Zamu

Shikamoo Shangazi. Aliyepasuliwa hakandwi tumboni. Maji ya moto na kitambaa cha jana kwenye mshono ndivyo usaha unavyoanza. Mkandeni mgongo na miguu kama anapenda, mpeni uji wake wa pilipili manga, mtori, supu, hayo yote ruksa. Mshono uachwe mkavu, asipake mafuta, unga wala majivu. Kumfunga kanga si vibaya kama haibani na kidonda kinapata hewa, tumbo lenyewe litarudi taratibu.

Homa, mshono kuwa mwekundu na moto, usaha, damu yenye harufu ukeni, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana: hapo arudi hospitali usiku huo huo. Na asibebe ndoo ya maji wala mkubwa wake mgongoni. Hapa ndipo Shangazi tunakuhitaji kuliko kwenye kukanda.

Shangazi wa Tanga

Marahaba. Nimeelewa, ndoo nitabeba mimi.

Fundi Geji

Wakuu nimerudi na mrejesho. Faili nililipata, ila nilizungushwa: masijala wananirudisha wodini, wodini wananirudisha masijala, mpaka mama mmoja mtunza kumbukumbu akaingia stoo mwenyewe akatoka nalo lina vumbi.

Imeandikwa hivi, nimenakili: njia sentimita 7, mapigo ya mtoto 88 hadi 96 hayapandi, maji ya chupa ya kijani mazito, mkato wa kulala sehemu ya chini ya mfuko, mtoto kilo 3.1. Hakuna popote palipoandikwa nyonga.

Sista naomba unitafsirie.

Mkunga wa Zamu

Hongera kwa kung'ang'ana. Mpe mkeo asome yeye mwenyewe hayo maandishi.

Maji ya kijani maana yake mtoto alishajisaidia ndani. Peke yake si lazima iwe hatari, lakini ukijumlisha na mapigo ya 88 yasiyopanda, alikuwa anakosa hewa. Wale watu walifanya kazi yao, na walifanya mapema, ndiyo maana mtoto ni mzima. Walichokosea ni kutowaambia. Alikuwa na sentimita saba, njia ilikuwa inafunguka vizuri tu. Mama yako umwambie pia: mtu hasukumi akiwa na saba. Kusukuma ni kwa kumi. Kwa hiyo huo uvivu haukuwahi kupata nafasi.

Sababu yake ni ya kuondoka. Mkato wake ndio ule tunaoutaka. Kati ya mtoto wa kwanza na huyu wamepishana zaidi ya miaka miwili, vizuri. Huyo kwa maelezo haya anaweza kujadiliwa kujaribu kawaida. Wanaojaribu kwa hali kama yake, kati ya 10 wanaofanikiwa ni 6 hadi 8, na aliyewahi kujifungua kawaida hata mara moja huwa na bahati zaidi.

Hatari yake nayo uijue. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ni takriban mama 1 kati ya 200 wenye mkato wa chini. Likiachia, mtoto ana dakika chache na mama anavuja damu kwa ndani. Kwa hiyo hajaribu zahanati, hajaribu nyumbani kwa mtu, hajaribu hospitali ambayo mtu wa thieta anaitwa kutoka kwake. Anajaribu mahali ambapo thieta iko wazi saa zote na damu ipo. Uchungu ukianza tu aende, asisubiri ukolee. Maumivu makali penye kovu yasiyoachia hata uchungu ukipoa, damu ukeni, au uchungu uliokuwa mkali kukata ghafla: aseme, apige kelele.

Na jambo moja nalisema kwa ukali. Asinywe dawa ya kuongeza uchungu. Mizizi, majani, kikombe cha bibi, vidonge vya duka la dawa vinavyonong'onezwa, vyote. Kwa mwenye kovu hiyo ni kuvuta kamba iliyoungwa. Niliyemwona mfuko wake umepasuka alikuwa ameficha kichupa kwenye mkoba, na tulikipata baadaye.

Mwisho, altrasaundi ya miezi hii waangalie kondo liko wapi. Kondo likikaa chini juu ya kovu la zamani linaweza kuota ndani ya nyama ya mfuko, lisibanduke. Aliyewahi kupasuliwa mara moja akipata kondo la chini, uwezekano huo ni kama 1 kati ya 10. Akiwa amepasuliwa mara mbili unafika 4 kati ya 10. Ndiyo maana operesheni isiyo na sababu inaniudhi. Deni lake halilipwi siku hiyo, linakuja kudaiwa mimba ya tatu.

Dokta wa Wilaya

Nakazia hapo. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2019 ulikuta mama 5 kati ya kila 1,000 waliopasuliwa wanafariki, mara 50 ya nchi tajiri. Damu na ganzi ndiyo mambo yaliyojitokeza. Kwa hiyo Fundi, uamuzi wowote mtakaofanya, andaeni ndugu wawili watatu wakatoe damu mapema. Friji ya damu ikiwa tupu usiku, hata bingwa ni mtu wa kawaida.

Fundi Geji

Nimemsomea yote. Hiyo ya sentimita saba kaniomba niirudie, halafu akaichukua simu akampelekea mama yangu. Sijajua yatakayotokea Jumapili.

Tumepanga hospitali ya rufaa ya mkoa, tumeshaenda kujiandikisha, daktari kasema kondo liko juu, tutajaribu, na ikishindikana thieta ni hatua chache. Shemeji zangu wawili wanakwenda kutoa damu.

Mama Mapacha

Mungu amtangulie. Ikishindikana asilie, Fundi. Mwambie mimi nimesema.

Kichwa Ngumu

Sista Mkunga samahani, nilikuwa mkali mwanzoni. Ukweli ni kwamba nina jambo langu. Mke wangu hospitali moja binafsi wamempangia kisu wiki ijayo. Sababu wamesema altrasaundi imeonyesha mtoto kajiviringisha kitovu shingoni. Ni mimba ya pili, wa kwanza alizaliwa kawaida bila shida. Ndiyo maana nina hasira na hivi visu.

Mkunga wa Zamu

Ungesema mapema tusingepigizana kelele.

Kitovu shingoni peke yake kwenye altrasaundi si sababu ya kupasua. Karibu robo ya watoto tunaowapokea wanatoka nacho shingoni, tunakitelezesha kichwani kama mkufu, kazi inaendelea. Kinachoangaliwa ni mapigo wakati wa uchungu. Lakini sijamwona mkeo, huenda kuna jambo jingine hamkuambiwa. Rudini mkaulize: presha ikoje, maji ya mtoto yanatosha, mtoto ametanguliza nini, anakua vizuri? Wakisema yote mazuri ila kitovu, nendeni kwa daktari mwingine wa serikali na majibu yenu mkononi.

Ana wiki ngapi?

Kichwa Ngumu

36 na siku mbili.

Mkunga wa Zamu

Basi hata kama ingekuwa operesheni ya kupanga, isiyo na haraka inasubiri wiki ya 39. Mtoto wa 37 aliyetolewa bila uchungu mara nyingi mapafu yanamsumbua, anaishia kwenye oksijeni chumba cha watoto. Waulizeni haraka hiyo ya nini. Na mama ahesabu mtoto anavyocheza kila siku. Akipunguza kucheza, msisubiri kliniki wala jibu langu humu, nendeni hapo hapo.

Kichwa Ngumu

Kesho saa mbili asubuhi tupo kwao.